Mokambo: nani anaweza kugeuza volanti na kupanga injini ya gari ya mbio?

Kwenye barieri ya Mokambo, upande wa Zambia watu wanaendesha kushoto na upande wa Kongo wanaendesha kulia. Mita chache tu zinatosha kubadilisha sheria yote ya barabara. Lakini gari yenyewe haibadiliki. Ile Subaru Impreza, Toyota Altezza, Mark X ao Mitsubishi Lancer Evolution iliyotengenezwa kwa ajili ya Japan inaingia Haut-Katanga na volanti yake kulia, na taa zilizopangwa kwa barabara ya kushoto, na injini iliyozoea esansi ya kule.

Magari ya namna hii yana wapenzi wengi, kuanzia vijana wa Lubumbashi na Likasi, wafanya biashara wa mupakani, mpaka wafanyakazi wa migodi waliochanga mishahara ya miezi mingi. Gari inapofika, swali ni lilelile: nani atageuza volanti, na nani ataipa injini nguvu bila kuiua? Kila avenue ina garaji, na kila garaji ina mtu anayesema "hiyo kazi naijua." Kumpata anayeijua kweli ni jambo jingine.

Kwetu huku, kazi ya kwanza ya fundi wa gari ya mbio si kuongeza farasi. Ni kuifanya gari ile iwe ya hapa: ifuate barabara ya kulia, esansi ya hapa, hewa na vumbi la hapa. Anayeruka hatua hiyo na kukimbilia nguvu anatengeneza hatari kwa dereva, kwa abiria na kwa mama anayevuka barabara na bidoni ya maji kichwani.

Gari zinatoka wapi, na sheria inasema nini

Magari mengi ya okazioni ya Japan yanayokuja kusini mwa Kongo yanashuka bandari ya Dar es Salaam. Kutoka pale yanapita Tunduma na Nakonde, yanavuka kaskazini ya Zambia mpaka Copperbelt, kisha yanaingia Kongo kwa Kasumbalesa, Sakania ao Mokambo. Mengine yanapanda kutoka Durban. Wakaaji wa Kalemie na Uvira wanayajua magari hayohayo kupitia ziwa Tanganyika na Burundi, na wale wa Bunia na Butembo kupitia Uganda. Japan, Tanzania, Uganda, Kenya, Zambia na Afrika Kusini wote wanaendesha kushoto. Kongo, Rwanda na Burundi tunaendesha kulia. Njo maana tatizo hili si la Mokambo peke yake, ni la mashariki yote.

Kanuni ya barabara ya Kongo, sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inaamuru watu waendeshe upande wa kulia. Mwaka 2012, serikali ya Matata Ponyo ilitoa amri ya kuweka kikomo cha umri kwa magari ya okazioni yanayoingizwa inchini. Swali la volanti ya kulia nalo limekuwa likirudi mezani mara kwa mara. Rwanda ilichagua njia kali: katika miaka ya 2000 ilifunga mlango kwa magari madogo yenye volanti kulia. Burundi imeyaacha, na barabara za Bujumbura zimejaa nayo.

Huku kwetu tumebaki katikati. Gari inaingia, duane inalipwa, plake inatolewa, kisha mwenye gari anaambiwa ama anajiambia mwenyewe kwamba volanti "itageuzwa." Itageuzwa na nani, kwa kipimo gani, na nani atakagua kazi ikiisha? Hapo njo kimya kinaanza.

Dereva mwenye volanti kulia katika barabara ya kulia hawezi kuona mbele ya lori mpaka atoe nusu ya gari yake nje. Kwenye barabara ya Kasumbalesa–Lubumbashi, ambako malori ya madini yanafuatana mchana na usiku, kila kupita lori kunakuwa kamari. Gari ya mbio inaongeza kishawishi: dereva anaamini kwamba nguvu ya turbo itamrudisha kwenye mstari wake kabla ya lori la mbele kufika. Kwa hiyo kugeuza volanti si mapambo. Kazi hiyo ikifanywa sawasawa inaokoa watu, na ikifanywa ovyo inaweza kuua kuliko volanti ya kulia yenyewe.

Kugeuza volanti ni kugusa vitu gani

Watu wengi wanafikiri kazi ni kuhamisha ile duara tu. Kwa kweli fundi anagusa karibu nusu ya mbele ya gari.

Kuna kremayeri, yaani mfumo wa meno unaogeuza magurudumu. Kremayeri ya gari ya kulia haikutengenezwa kupokea bomba la volanti kutoka kushoto. Kuna kolone ya volanti yenyewe na viungo vyake. Kuna pedali, na nyuma ya pedali ya freni kuna silinda kubwa na kifaa kinachosaidia mguu kukanyaga. Kuna tablodibori nzima, nyaya za umeme, mifuko ya hewa ya usalama, mabomba ya hewa baridi, mota na mikono ya kufuta mvua. Mwisho kuna taa. Taa za gari ya Japan zinatupa mwanga wa chini zaidi kuelekea kushoto, ambako huko kwao ni pembeni ya barabara. Zikiletwa hapa, mwanga huohuo unaingia moja kwa moja kwenye macho ya mtu anayekuja mbele.

Kazi nzuri inatumia kremayeri ya kushoto iliyotoka kiwandani, pedali za kushoto, silinda ya freni iliyohamishwa upande wa dereva na mabomba mapya, na taa za kushoto.

Kazi ya haraka inaacha silinda ya freni kulia, halafu inaweka chuma kirefu nyuma ya tablodibori ili mguu wa dereva usukume kitu kilichoko mita moja mbali. Chuma kikipinda kidogo, pedali inashuka na freni hazikamati kama zamani. Kazi mbaya zaidi inakata kolone na kuiunganisha kwa kuchomelea. Mchomo ule unaonekana sawa siku ya kwanza. Lakini kolone inapokea mitikisiko ya kila shimo, kila siku, na chuma kilichochomelewa vibaya hakitoi onyo kabla ya kukatika.

Mifuko ya hewa nayo ina hila yake. Baadhi ya mafundi wanaitoa, wanafunika nafasi kwa plastiki, kisha wanazima ile taa ndogo ya onyo ili mteja asiulize. Mwenye gari anaendesha miaka mingine akiamini kwamba analindwa, kumbe mbele yake kuna kifuniko kitupu.

Swali la kuuliza kabla ya kununua

Kuna swali moja linaloweza kuokoa feza nyingi, na linaulizwa kabla gari haijaacha Japan ao Dar es Salaam: je, kiwanda kilitengeneza gari hii hii na volanti kushoto?

Kwa baadhi ya magari jibu ni ndiyo. Toyota Altezza iliuzwa Ulaya na Marekani kwa jina la Lexus IS, na volanti kushoto. Subaru Impreza WRX na STI ziliuzwa kushoto katika inchi nyingi. Lancer Evolution nayo ilifika Marekani rasmi kuanzia mwaka 2003. Hata kati ya gari ndogo za taksi, Toyota IST ina dada yake wa kushoto aliyeuzwa Marekani kwa jina la Scion xA, na Vitz iliuzwa Ulaya kama Yaris. Kwa gari za namna hii kremayeri, tablodibori, pedali na taa za kushoto ziko duniani. Fundi hahitaji kubuni. Anahitaji kuagiza piesi sahihi na kuzifunga.

Kwa magari mengine jibu ni hapana, ama ni gumu. Nissan Skyline GT-R za R32, R33 na R34 zilitoka kiwandani na volanti kulia peke yake. Mark X ilikuwa gari ya soko la Japan. Ndugu yake wa kushoto, Toyota Reiz, alitengenezwa China, na piesi zake hazipatikani kila mahali. Anayenunua gari ya namna hiyo kwa kutumikia huku anapaswa kujua kwamba kugeuza kwake kutakuwa ubunifu wa fundi mmoja, bila mfano wa kiwanda wa kulinganisha.

Kuna jambo jingine la Subaru. Katika injini nyingi za EJ zenye turbo, turbo iko nyuma upande wa kulia wa injini, karibu na mahali kolone ya volanti ya kulia inapita. Ukihamisha volanti kushoto, nafasi inabadilika pande zote mbili: joto la turbo, mabomba na nyaya vinahitaji njia mpya. Fundi asiyejua hilo anapitisha waya wa umeme karibu na chuma kinachowaka moto, na baada ya wiki chache mteja anarudi na gari isiyowaka, ama harudi kabisa kwa sababu imeungua.

Nguvu: esansi, hewa na vumbi

Baada ya volanti na freni, njo tunaweza kuzungumza juu ya nguvu. Hapa pia gari ya Japan inakutana na inchi isiyoijua.

Esansi ya juu ya Japan inapaswa kuwa na okteni angalau 96, na vituo vingi vinauza inayokaribia 100. Okteni ni kipimo cha esansi kuvumilia mkandamizo bila kulipuka yenyewe kabla ya wakati. Subaru STI ao Evolution ya Japan ilipangwa kwa esansi hiyo. Ikinyweshwa esansi dhaifu, ama ile ya bidoni ya wakadhafi ambayo hakuna anayejua imechanganywa na nini, injini inaanza kugonga. Sauti yake ni kama vijiwe ndani ya mkebe. Kalkulateri ya gari inasikia mgongo huo na kupunguza nguvu ili kujiokoa, njo maana mwenye gari analalamika kwamba "haivuti kama kwenye video." Ikiendelea kugonga huku turbo inasukuma, pistoni zinapasuka kwenye mistari ya ringi. Wenye Subaru za EJ wanaujua ugonjwa huo.

Halafu kuna hewa. Lubumbashi na Mokambo ziko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13. Gari isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu yake, ama zaidi, na hakuna fundi anayeweza kuirudisha kwa maneno. Gari yenye turbo inaweza kujaza pengo hilo, lakini turbo inalazimika kuzunguka mbio zaidi na kutoa joto zaidi. Anayeongeza mkandamizo juu ya hapo, bila kupima, anakula akiba ambayo kiwanda kiliiacha kwa ajili ya usalama.

Mwisho ni vumbi. Kitu cha kwanza ambacho vijana wengi wanaweka ni chujio la wazi la hewa, lile la umbo la koni, kwa sababu ya sauti yake. Kwenye barabara ya lami safi halina neno. Nyuma ya lori la madini, msimu wa kiangazi, chujio hafifu linaachia vumbi kuingia ndani ya silinda na kusaga injini polepole. Sanduku la chujio la kiwanda, lenye chujio jipya, mara nyingi njo "tuning" bora kwa barabara za Katanga.

Ile valvu inayotoa sauti ya "pshhh" ni hadithi ya namna hiyo. Subaru inapima hewa kabla haijaingia kwenye turbo. Hewa iliyokwisha kupimwa ikitupwa nje, kalkulateri bado inatia esansi kama vile hewa ipo. Injini inakula esansi nyingi, inatoa moshi mweusi na kusitasita kila ukibadilisha vitesi. Mteja amenunua makelele, na nguvu haikuongezeka.

Dalili za fundi wa kweli

Fundi mzuri hajulikani kwa mabango ama kwa idadi ya magari yaliyolala mbele ya garaji. Gari nyingi zilizolala zinaweza kuwa dalili ya kazi zisizoisha. Anajulikana kwa mambo anayofanya kabla ya kushika ufunguo.

Kwanza, anauliza. Gari itatumika wapi, inakunywa esansi ya wapi, nani anaiendesha, ilitengenezwa nini mara ya mwisho? Anayetaja bei ya kuongeza nguvu kabla ya kufungua boneti anauza maneno.

Pili, anapima. Anapima mkandamizo wa kila silinda na kuandika namba. Silinda zikitofautiana sana, anakataa kuongeza nguvu mpaka ugonjwa upatikane. Anasoma kalkulateri kwa skana, anaangalia bugi, msukumo wa pampu ya esansi na mabomba ya turbo yanayovuja. Anapopanga upya kalkulateri, anaweka kifaa cha kupima mchanganyiko wa hewa na esansi kwenye eshapema, na anasikiliza mgongo wa injini. Bila kipimo hicho, kupanga injini ni kukisia.

Tatu, anaanza na kusimama. Matairi mengi yanayokuja na gari za okazioni ni ya zamani ingawa meno bado yanaonekana. Ubavuni mwa tairi kuna namba nne za mwisho: 2314, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mafuta ya freni yananyonya unyevu na kupoteza nguvu wakati wa joto. Magari mengi ya Japan yamewekewa kizuizi cha kutopita kilomita 180 kwa saa, na mara nyingi jambo la kwanza mteja anaomba ni kukiondoa. Fundi wa kweli atauliza kwanza matairi yana umri gani.

Ine, anasema hapana. Atakataa kukata resori ili gari ilale chini, kwa sababu kwenye barabara zenye mashimo resori iliyokatwa inaruka kutoka mahali pake. Atakataa kuweka turbo kubwa bila pampu na injekta zinazolingana nayo.

Tano, anarudisha piesi za zamani na anaandika. Karatasi moja yenye tarehe, kilomita, piesi zilizobadilishwa na namba za vipimo inatosha. Mteja anayeomba karatasi hiyo hajamtukana fundi. Amemheshimu, kwa sababu kazi nzuri inapenda kuonekana.

Mteja pia ana wajibu. Apande gari moja ambayo fundi yule aliigeuza mwaka mmoja ama zaidi uliopita, si ile iliyotoka jana. Achunguze chini ya tablodibori kwa taa ya simu: je, kuna mchomo kwenye kolone? Akanyage freni injini ikiwa inawaka: je, pedali inashuka polepole? Ageuze volanti kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine: je, kuna mahali inashika? Mambo hayo hayahitaji diplome, na yanachukua dakika kumi.

Lubumbashi, Copperbelt, ao mbali kwa simu?

Lubumbashi ina mafundi wenye mikono, na wengi walijifunzia katika karakana za migodi na za malori. Wanajua chuma. Kilicho haba ni vifaa vya kupima na mtu anayesoma kalkulateri ya gari ya mbio kila siku.

Upande wa pili wa Mokambo hali ni tofauti kidogo. Mufulira, Kitwe na Ndola ni miji ya migodi kama yetu, lakini Zambia ina historia ndefu ya mashindano ya rali. Mzambia Satwant Singh alikuwa bingwa wa Afrika mara nyingi. Mashindano yanalea mafundi, kwa sababu gari ikishindwa mbele ya watu fundi hawezi kudanganya. Kenya nayo, ambako Safari Rally ilianza mwaka 1953 na kurudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, ina watu wanaozijua Subaru na Evolution mpaka ndani. Kwa injini, ujuzi wa majirani ni wa kutafuta.

Kwa volanti ni kinyume. Zambia na Kenya hawahitaji kugeuza, kwa hiyo hawana mazoea hayo. Mtu anayepeleka gari Kitwe ili igeuzwe volanti anamwomba mvuvi amfundishe kuwinda. Uzoefu wa kugeuza uko kwetu na kwa wenye shida kama yetu.

Kuvuka mupaka kuna bei yake pia. Gari ya Kongo inayoingia Zambia kwa muda inahitaji karatasi za kuingia na asiransi inayotambuliwa kule, kama kadi ya njano ya COMESA. Halafu kuna siasa. Agosti 2024, baada ya Kongo kukataza kuingiza bia na vinywaji baridi, mvutano ulipanda mpaka Zambia ikafunga kwa siku chache Kasumbalesa, Sakania na Mokambo. Mtu aliyeacha gari kwenye garaji ng'ambo wakati kama huo anangoja wakubwa wapatane. Kabla ya kuvuka, ni vizuri karatasi za gari ziwe na siku za ziada.

Njia ya tatu inazidi kujulikana: fundi wa mbali. Kwa Subaru na Mitsubishi kuna programu za wazi na waya wa kuunganisha kompyuta na gari. Mwenye gari anarekodi vipimo akiendesha, anavituma Nairobi ao Johannesburg, na mtaalamu anarudisha mpango mpya wa kalkulateri. Wanarudia mara kadhaa mpaka namba zitulie. Njia hii inafanya kazi, kwa sharti moja. Mtaalamu wa mbali anaona namba tu. Hasikii pampu ya maji inayolia wala haoni mafuta yanayovuja. Bila fundi mwaminifu wa hapa anayethibitisha kwamba injini ni nzima, mpango mzuri unawekwa juu ya injini mgonjwa.

Kwa hiyo jibu la swali la mwanzo mara nyingi si mtu mmoja. Ni wawili: fundi wa chuma wa hapa kwa volanti, freni na afya ya injini, na fundi wa vipimo, awe wa hapa ama wa mbali, kwa kalkulateri. Mwenye gari anayetafuta mtu mmoja wa kufanya yote kwa bei moja njo anayeangukia mikononi mwa mdanganyifu.

Karatasi na kazi ya serikali

Baada ya sheria ya mwaka 2015 kuvunja ukiritimba wa SONAS, kampuni mbalimbali zinauza asiransi Kongo. Mteja ana uchaguzi zaidi, lakini pia ana mkataba wa kusoma. Gari iliyogeuzwa volanti ama kuongezwa nguvu inapaswa kutangazwa kwa kampuni kabla ya ajali. Kuitangaza baadaye ni kuipa kampuni sababu ya kubishana.

Upande wa serikali, gari ya okazioni inapita mbele ya ofisi nyingi: duane, OCC, plake, vinyeti ya jimbo, polisi ya barabara. Kila moja inaomba karatasi na malipo. Swali la wakaaji ni rahisi: katika safari hiyo yote, ni nani anayelala chini ya gari na taa mkononi kuangalia kolone ya volanti? Muhuri wa ukaguzi wa kifundi hausaidii kitu kama kilichokaguliwa ni karatasi tu.

Dawa yake haihitaji mashine za gharama kubwa. Jimbo linaweza kuamuru kwamba kila gari iliyogeuzwa volanti ikaguliwe mara moja, kwa orodha fupi: kolone bila mchomo, kremayeri ya kushoto, silinda ya freni upande wa dereva, taa za kushoto. Linaweza kuandikisha garaji zinazofanya kazi hiyo, ili jina la garaji liandikwe kwenye karatasi za gari. Fundi anayejua kwamba jina lake litabaki na gari ile anachomelea kwa uangalifu, ama hachomelei kabisa. Mafundi wazuri, ambao leo wanashindana kwa bei na wale wanaofanya ovyo, njo wa kwanza ambao wangefaidika.

Mpaka hapo, mwenye gari njo mkaguzi wa gari yake. Mwenye feza kidogo azigawe hivi: kwanza volanti, freni, matairi na taa, pili afya ya injini na chujio zuri, tatu, kama kuna kilichobaki, kalkulateri. Na kama feza haitoshi kwa hatua ya kwanza, gari ingoje kwenye parcelle mpaka itoshe.